Mume wangu alitoa upepo kwenye matairi asubuhi ya barafu Jabal Akhdhar

Salamu wakuu, wa bara, wa visiwani, na sisi wenzenu tulioko huku Oman.

Haya ninayoyaandika sikuhadithiwa. Nilikuwa kiti cha mbele, nimeshika dashibodi kwa mikono miwili. Anayetaka kubisha abishe, ila kwanza asome mpaka chini.

Najua kuna watakaocheka wakisikia Oman kuna barafu. Hata mimi nilicheka nilipoambiwa mara ya kwanza. Naishi Ibra, na baridi yetu ni ya kuvaa sweta asubuhi na kulivua kabla ya chai ya saa nne. Lakini Jabal Akhdhar, ule mlima ulio juu ya Nizwa, ni nchi nyingine. Kule Januari maji ya kuku yanaganda kwenye sufuria.

Kabla sijaendelea, niwaeleze kitu kimoja cha nyumbani kwetu, maana bila hicho hamtanielewa.

Familia yetu ilitoka Tabora, na mama amekuja na Utabora wake wote. Kwake yeye, mama mkwe na mkwe wa kiume hawazoeani. Hamwiti mume wangu, Saidi, kwa jina na hasemi naye moja kwa moja. Akitaka kitu ananiambia mimi, hata kama Saidi yuko pale pale na masikio yake mawili.

"Mwambie mkwe anisogezee chumvi."

Saidi anaisogeza kabla sijafungua mdomo. Tangu ndoa yetu, mimi ndiye simu yao.

Saidi mwenyewe ni mtu wa Bidiya, nyuma ya nyumba yao ni mchanga mtupu mpaka macho yachoke. Amejifunza gari mchangani. Matairi yake ni yale mapana ya mchangani, mifereji yake haina kina, na yalishakaa juani mpaka yakawa magumu kama soli. Nilimwambia abadilishe kabla hatujapanda mlima. Akaniambia mlimani ni lami, lami haina shida.

Tulikwenda mimi, Saidi na mama kumtembelea khala, mdogo wake mama, aliyeolewa kule juu, tukalala kwake. Pale kizuizini chini ya mlima askari huangalia kama gari ni 4WD. La kwetu ni 4WD, tukapita.

Alfajiri mama akaamka kifua kimebana. Ana pumu, na baridi ile ilimkamata vibaya. Tukampeleka hospitali ya huko huko juu, wakampa mvuke wa dawa, akapata nafuu. Wakatushauri tumshushe kwenye joto mapema iwezekanavyo, maana akibaki kwenye baridi kifua kinaweza kubana tena.

Basi tukawa na haraka. Haraka mbaya jamani.

Tulipotoka nje, mvua ya usiku ilikuwa imeganda sehemu sehemu barabarani. Saidi akagusa lami kwa kiatu, kiatu kikateleza. Akachuchumaa na kuanza kutoa upepo kwenye matairi, moja baada ya jingine.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Kunateleza. Gari ikiteleza unapunguza upepo, tairi inalala, inashika. Kwetu hata watoto wanajua."

Akashusha mpaka psi kumi na nane, nusu ya upepo wa kawaida, kama tunakwenda kuchoma nyama kwenye mchanga. Kisha akabonyeza sand mode, ile ya kuendeshea gari mchangani. Mimi si fundi, lakini moyo wangu ulikataa. Nikasema, "Saidi, huu si mchanga." Akasema, "Yallah, panda, mama anapata baridi."

Nikapanda. Ningefanya nini, na nyuma yangu nasikia pumzi ya mama inapiga filimbi?

Mteremko ukaanza. Wasioijua barabara ile: ni kona juu ya kona, upande mmoja mwamba, upande mwingine shimo ambalo sikutaka kuliangalia. Kila kona gari lilikuwa linayumba kwenye matairi yake laini, unageuza usukani na mwili wa gari unafuata kwa kuchelewa. Nilikuwa nasoma kila dua niliyowahi kufundishwa, nyingine nusu nusu.

Mama akasema kutoka nyuma, "Mwambie mkwe apunguze mwendo."

Nikamwambia. Akajibu, "Mwambie mama, ukisimama kwenye utelezi huondoki tena."

Hiyo ndiyo sheria ya mchanga, wakuu. Usisimame, usishike breki, ukiyumba kanyaga mafuta. Mtu aliyeishi nayo tangu utoto haiachi kwa sababu mkewe amekunja uso.

Kona iliyofuata ilikuwa kwenye kivuli na lami inang'aa. Nyuma ya gari ikaondoka. Saidi akakanyaga mafuta kama alivyozoea, na ile sand mode ikayaacha magurudumu yazunguke bure. Tukaenda upande upande kuelekea kwenye vyuma vya ukingoni. Tairi likapata sehemu kavu, gari likarudi njiani, na Saidi akaendelea kushuka, uso hauna damu.

Hapo nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

"Saidi. Mwanangu. Simama."

Si "mwambie mkwe". Jina lake, kutoka kinywani mwa mama.

"Kifua changu kitasubiri jua. Simama."

Saidi akaachia mafuta, akatia gia nzito, gari likajikokota mpaka likasimama upande wa mwamba, pakavu. Akazima ile sand mode. Mimi nikaanza kulia.

Tukawasha taa za tahadhari na hita. Mtu wa Bidiya hakosi pampu ya upepo garini, akayajaza matairi yote mpaka thelathini na tano. Jua likapanda, ule mng'ao ukaondoka kwenye lami. Tukashuka kwa gia nzito, polepole kama msafara wa harusi. Chini kwenye mitende na joto, mama akavuta pumzi ndefu, akanigeukia.

"Mwambie mkwe asante."

Saidi alikuwa amesimama ubavuni kwake.

"Mwambie mama, afwan, si kitu," akasema Saidi, anatazama viatu vyake.

Nilichojifunza: kinachokuokoa mchangani kinaweza kukuua kwenye lami yenye barafu. Nunua matairi yenye mifereji yenye kina na ambayo hayajazeeka, upepo pima asubuhi kabla gari halijatembea, maana baridi nayo huushusha. Sand mode iache mchangani, mteremko shuka kwa gia. Lami iking'aa, subiri jua hata kama una haraka. Saidi alibadilisha matairi Nizwa siku ile ile.

Wenye uzoefu wa milima ya baridi, mwageni maujuzi hapa, hasa tairi gani zimewafaa. Na mwenye mama mkwe wa Kinyamwezi naye aseme.

Siku hizi kabla ya safari yoyote Saidi anapima upepo, kisha ananiambia, "Mwambie mama ni thelathini na tano." Jina la Saidi mama hajalitaja tena. Saidi anaomba lisitajwe, kwa sababu anajua siku akilisikia tena tutakuwa tumefika ukingoni kama siku ile.