Picha ya Mama Anayechimba Peke Yake

Nimeandika vitabu saba vya picha kuhusu watu wa kweli, na sioni haya kusema kwamba ni vizuri. Wapo waandishi wanaojishusha huku wakikuomba kwa macho uwabishie. Mimi nilifundisha darasa la pili kwa miaka mingi, najua kitabu kizuri cha mtoto kinafananaje: kinarudi kimechakaa. Vyangu vinarudi bila jalada, na kimoja kilirudi na uji ukurasa wa nane.

Nilianza kuandika kwa hasira. Shuleni kwetu, upande wa Kisongo, Arusha, watoto walijua kuna mtu alikanyaga mwezini, na walijua kuna mtu aliyetengeneza taa ya umeme. Ukiwauliza ni nani hapa kwetu amefanya jambo la kusimuliwa, wanatazamana. Siku moja mtoto mmoja akanijibu kwa upole kabisa kwamba hapa kwetu hakuna, mwalimu. Jibu lile liliniuma wiki nzima. Nilipostaafu nikanunua madaftari, nikaanza kutafuta watu. Nikaandika kuhusu muuguzi aliyekuwa akitembea kwa miguu kuwachanja watoto wa Terrat. Nikaandika kuhusu fundi baiskeli asiyeona, anayejua ubovu uko wapi kwa kusikiliza mnyororo. Watoto wakaanza kuniletea watu wao wenyewe, mara shangazi, mara jirani, na mmoja akaniletea baba yake mzazi, amemshika mkono mpaka mlangoni kwangu.

Kitabu cha saba ndicho kilichonishika shati. Kinahusu mama mmoja wa Kimeru anayeishi juu ya Usa River, kule ambako mashamba ya maua yanaishia na migomba na kahawa zinaanza. Mwaka mmoja mvua kubwa ziliporomosha udongo, ukafukia mfereji unaoshusha maji ya kijiji kutoka msituni. Wanaume walikuja, wakatazama, wakasema mfereji umekufa, wakateremka kutafuta vibarua kwenye maua. Mama huyu akakata gamba la mgomba, akatia maji kidogo ndani yake, akalishika kwa mikono miwili na kutembea nalo mlimani akitazama maji yanainamia wapi. Kila aliporidhika alichomeka kijiti. Kisha akawaita wanawake wenzake, wakachimba kufuata vile vijiti, na maji yakaja. Mpaka leo kijiji kizima kinanyweshea migomba yake humo.

Nilimwendea mara tatu na daftari. Ni bibi mfupi, mkavu, mwenye sauti ya chini, na hana haraka na mtu. Nilipata kila kitu isipokuwa yeye mwenyewe. Nikimuuliza alifanya nini, ananiambia fulani alileta makande, fulani alikuja na mtoto mgongoni, fulani alikuwa na jembe lenye makali kuliko yote. Nikimuuliza nani alimfundisha kusoma mteremko namna ile, ananijibu alijifunza tu. Nikaona huo ni unyenyekevu wa wazee. Nikajiambia kazi yangu ni kumtoa kwenye kundi na kumsimamisha mbele, maana yeye mwenyewe hatatoka.

Michoro ya vitabu vyangu anaichora mwanamume mmoja wa rika langu. Babu yake alikuja Arusha kutoka pwani na biashara ya viungo, na familia imebaki kwenye mitaa ya zamani karibu na soko mpaka leo. Alianza maisha kwa kuchora mabango ya vinyozi, kwa hiyo vichwa anaviweza. Tunataniana sana, na tukigombana tunagombania picha tu. Mchoro wake wa kwanza wa jalada ulikuwa na wanawake kama ishirini ndani ya mtaro, na ilibidi nivae miwani ili nimpate mhusika wangu. Nikamwambia awaondoe. Nikamweleza kwa kirefu, maana napenda kueleza, kwamba mtoto wa miaka saba anataka mtu mmoja, uso mmoja, ampende. Yeye akanijibu kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Nikamwambia hiyo ni methali, mimi nataka jalada.

"Sawa," akasema. "Wewe ndiye mwalimu."

Alisema kwa ile sauti ya mtu anayekusubiri uteleze. Siku nne baadaye akaleta picha nzuri kuliko zote alizowahi kunichorea: mama peke yake ndani ya mtaro, jembe juu, jasho usoni, Meru imesimama nyuma yake, na kando ya mtaro njia tupu inayopanda. Ile njia niliidai mimi. Mwanzoni alikuwa amechora watu wawili wakipita, nikasema nao waondoke, wanavuta macho. Niliipenda picha ile mpaka nikaitundika sebuleni, na kila mgeni aliyekuja nilimwonyesha kabla hajakaa.

Nina kanuni moja ambayo siivunji. Kitabu cha mtu aliye hai hakiendi kupigwa chapa mpaka asomewe, nyumbani kwake, mbele ya watu wake. Kama nimeandika uongo, majirani watakohoa. Kikohozi cha jirani kimeniokoa mara mbili, mara moja kuhusu mwaka na mara moja kuhusu mume. Kwa hiyo Jumamosi moja asubuhi, mimi na mchoraji tukapanda bodaboda pale Usa River, tukaenda mlimani na nakala moja ya majaribio, sukari na majani ya chai. Mkono mtupu haulambwi, na mimi nilikuwa nakwenda kupokea sifa, ingawa sikumwambia mtu.

Tulikuta uani pamejaa. Walikuwepo wajukuu, na wanawake wa jirani kama kumi, watano kati yao wazee walioshika majembe siku zile. Tukasalimiana mpaka salamu zikaisha. Nikatoa kitabu mfukoni, nikakiinua kwa mikono miwili kama nilivyokuwa nikifanya darasani, nikasubiri waseme kizuri.

Hakuna hata aliyekohoa. Wale wazee walitazama chini, na mmoja akavuta kitenge chake akafunika mdomo. Mjukuu mmoja wa kike, wa miaka kama minane, akasogea akaigusa picha, kisha akamgeukia bibi yake.

"Bibi, ulikosa nini mpaka wakakuchimbisha peke yako?"

Mama alikichukua kitabu mikononi mwangu bila kunipokonya, akakilaza kifudifudi juu ya stuli. Akaniuliza kama nimekunywa chai. Hapo nikajua nimeharibu. Mimi ni mtu wa Kilimanjaro, na watu wa milima hii tunafanana kwa hilo: akikugombeza bado anakupenda, lakini akiwa mpole ghafla, tafuta kofia yako.

Aliyenieleza ni jirani mmoja, na alinieleza kwa sauti ya kumwelewesha mtoto. Kwao mfereji hauchimbwi na mtu mmoja, hata iweje. Siku ya msaragambo kila nyumba inatoa mtu, na kazi inafanywa bega kwa bega, kwa nyimbo na matani. Asiyetokea bila sababu hupimiwa kipande chake. Kesho yake anakichimba peke yake, kando ya njia ya watu wote, na wapitao hawamsalimii. Si wakubwa tu, hata watoto wanakatazwa kumwamkia. Mahali ambapo mgeni asiyejulikana anaamkiwa na kila mtoto anayekutana naye, mtu huyo anapitwa kutwa nzima kama jiwe. Kwa hiyo mtu yeyote wa mlimani akiona jalada langu haoni shujaa. Anamwona mtu aliyetegea kazi za wenzake, yuko kwenye adhabu. Na ile njia tupu niliyoidai mimi mwenyewe ilikuwa inazidi kusema kwamba hakuna anayemsalimia.

Niliona aibu, na sijaizoea. Masikio yaliniwaka moto kama ya mwanafunzi aliyekamatwa akiibia mtihani. Mchoraji alikuwa na haki ya kunicheka mbele ya watu wote wale, lakini akawa anatazama kuku. Nilipowaahidi kwamba jalada litabadilishwa ndipo aliposema, taratibu, kwamba ule mchoro wa mwanzo wenye wanawake wote anao bado. Watu wakapumua. Chai ikaletwa. Nikadhani mambo yamekwisha, nikaanza kupanga nani atakaa wapi kwenye picha.

Mama akasema hapana, kitabu kisitoke kabisa.

Alisema bila hasira. Alinishukuru kwa kupanda mlima mara zote zile, akasema nitafute mtu mwingine, wapo wengi. Nikamuuliza kwa nini, iwapo jalada linabadilika na mengine yote ni kweli. Aliwatazama wajukuu wake.

"Kwa sababu siku hiyo ipo," akasema. "Nimewahi kuchimba hivyo. Hawa hawajui."

Nikaelewa kwa nini wale wazee walikuwa wametazama chini. Walikuwepo, na walimpita. Mama akaendelea kwa sauti ileile ya chini. Kitabu kikimwita shujaa, yuko mtu siku moja atawaambia watoto habari ya adhabu, kwenye maji au sokoni, na atawaambia vibaya. Kuanzia siku hiyo hawatamwamini hata kwa habari ya mfereji. Bora kusiwe na kitabu. Alikuwa ameishi na jina lake zuri mlimani pale bila maandishi, na lilikuwa linamtosha.

Mtu mwingine angembembeleza. Mimi sibembelezi vizuri, nasema. Nilimwambia ukweli ambao nilikuwa ndiyo kwanza nauona: katika vitabu vyangu sita vya mwanzo hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kukosea, kwa sababu makosa yao niliyafuta kama nilivyofuta wanawake kwenye jalada. Nikamwambia nimefundisha watoto walioiba penseli mara moja tu wakajiona wameshaharibika maisha yao yote, na sikuwa na kitabu hata kimoja cha kuwapa. Nilisikia sauti yangu inapanda, nikaishusha. Kisha nikamuuliza lilelile aliloulizwa na mjukuu wake: alikosa nini.

Alisimulia akiwa amewaelekea watoto, mimi nikisikiliza pembeni. Alikuwa bado mke mgeni pale kijijini. Ndizi zake zilikuwa tayari, na siku ya msaragambo ikaangukia siku ya soko la Tengeru. Hakuwa mgonjwa na hakuwa na mtoto mchanga. Alijua ni siku ya mfereji, akajitwisha ndizi akateremka, akisema moyoni kwamba wengine watachimba. Kesho yake akapimiwa hatua thelathini. Watu walipita wakienda na kurudi, mama mkwe wake akiwemo, na hakuna aliyefungua mdomo. Alisema asubuhi alilia kwa hasira, mchana alilia kwa aibu, na baadaye machozi yakaisha lakini kazi ilikuwa bado ipo.

"Ukichimba na wenzako unapiga soga," akasema. "Siku ile sikuwa na wa kusema naye, nikayaangalia maji. Yanakataa wapi, yanakubali wapi. Kutwa nzima niliyaangalia."

Nilimwendea mara tatu kumuuliza nani alimfundisha, na mwalimu wake alikuwa adhabu. Nilitamani kulia, na nilitamani kumgombeza kwa kunificha habari nzuri namna ile. Sikufanya lolote kati ya hayo. Mmoja wa wale wazee, yule aliyefunika mdomo kwa kitenge, akasema kwa Kimeru maneno machache, na mama akatikisa kichwa akatabasamu kidogo. Jirani akanitafsiria: alikuwa anasema kwamba siku ile miguu yake ilikuwa mizito kupita pale, lakini angesimama wangempimia na yeye.

Yule mjukuu alikuwa bado anafikiri. Watoto wa umri ule hawaachi swali njiani.

"Na wakaja kukusalimia lini?"

"Maji yalipofika kwao," bibi yake akamjibu.

Mtoto akaenda kwenye stuli, akakigeuza kitabu uso juu. Akamtazama yule mama wa kwenye picha, na jembe lake juu, na njia tupu kando yake. Akainamisha kichwa kidogo, kama wanavyofundishwa.

"Shikamoo, bibi," akaiambia picha.

Uani hapakuwa na aliyecheka.

"Marahaba, mjukuu wangu," mama akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Kiandike. Lakini na siku ya soko uiandike."