Nguzo ya Nne

Wageni wanaofika kijijini kwetu karibu na ziwa siku hizi hawana habari na kakao wala mpunga. Wanakunja shingo kutazama daraja. Limetoka ubavu wa mlima huu likaingia ubavu wa mlima ule, boriti ndefu za zege zimelazwa juu ya nguzo saba, na magari ya barabara mpya yanayopita huko juu sisi wa bondeni tunayasikia tu. Wakishapiga picha wanatuambia tuna bahati. Tulinagwe, mke wa Hezroni, huitikia salamu zao akaenda zake, na watu wanamsema kuwa ana maringo. Hana maringo hata chembe.

Aliolewa hapa kutoka Katumba Songwe akiwa na miaka kumi na tisa, msichana wa kucheka kwa sauti hadi mama mkwe anamkoholea. Mimba yake ya kwanza ilitimia miezi, mtoto wa kike akazaliwa bila kulia. Katika ukoo ule mtoto wa namna hiyo hafanyiwi msiba. Wanawake wazima humchukua, wakamzika kwenye migomba ya bondeni, chini ya nyumba, wakasawazisha udongo, basi. Wanaume hawaambiwi mahali na hawaulizi. Siku ya saba mama mkwe, bibi Anyosisye, alimshika Tulinagwe mkono, akampeleka hadi kwenye shina moja la mgomba, akasimama naye hapo kidogo, wakarudi ndani.

Baadaye alizaliwa Aliko, kisha wadogo zake wawili, wote wa kiume. Msichana hakupatikana tena. Kwa miaka thelathini na moja Tulinagwe alipalilia shina lile mwenyewe na kulimwagia majivu ya jikoni kila Jumamosi. Moyoni alimwita mtoto Atupele. Mwaka ambao Hezroni alitaka kung'oa migomba apande kakao, Tulinagwe alimwambia pale pana maji, kakao itaoza. Pakavu kama kiganja, na Hezroni ni mbishi anayejulikana tarafa nzima, lakini siku hiyo alibeba miche yake akaipeleka upande wa pili.

Halafu wakaja wapimaji. Walipigilia vigingi vyekundu, na nguzo ya nne ikaangukia kwenye migomba ya Hezroni. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Lazaro, akaita mkutano kanisani. Kila mwenye kaburi ndani ya vigingi alitaje, lihamishwe kwa heshima kabla mitambo haijaingia. Hezroni alisimama akataja matatu: la baba yake, la mama yake Anyosisye, na la kaka yake. Mpimaji akaandika.

"Kuna kaburi jingine kwa Hezroni?" Lazaro aliuliza. "Mama Aliko, kuna jingine?"

Tulinagwe alikuwa benchi la wanawake. Ataje vipi, mbele ya wanaume, jambo ambalo mumewe mwenyewe hakuwahi kuambiwa? Na wiki ile ile jirani mmoja alikuwa amechekwa kwa kumpatia babu yake makaburi mawili ili alipwe zaidi. Naye shahidi wake ni nani, wakati bibi Anyosisye ndiye wa kuhamishwa?

"Hakuna," alisema.

"Ndaga fijo," Lazaro akashukuru, akafunga daftari.

Alijiambia atamweleza Hezroni nyumbani, wakiwa wawili. Nyumbani alipakua chakula, akamnawisha mikono, akakaa, wakaongea habari za mpunga. Kesho yake hivyo hivyo. Wiki ya tatu, Hezroni alipokwenda Mwaya na gunia la mpunga, Tulinagwe alichukua jembe akaenda kuchimba mwenyewe. Alichimba hadi urefu wa mkono. Alikuta mizizi na udongo mweusi. Mtoto mchanga, miaka thelathini na moja, angebaki nini? Au alikuwa hatua moja kushoto? Alipanua shimo kushoto, akapanua kulia, akaishia kukaa ndani yake akilia kama aliyefiwa asubuhi ile. Hezroni aliporudi aliona udongo uliofukuliwa, akamwona mkewe na matope hadi magotini. Hakuuliza kitu, na Tulinagwe alimshukuru Mungu kwa hilo.

Jumatatu mtambo ukaingia. Shimo lilikwenda chini kuliko kisima, zikashushwa nondo, na zege likamwagwa siku mbili mfululizo. Tulinagwe alisimama kwenye uzio. Kijana mwenye kofia ngumu alimwambia kwa adabu, "Mama, sogea, hapa ni hatari." Akasogea.

Makaburi yale matatu sasa yapo nyuma ya kanisa, yamesakafiwa vizuri. Pasaka iliyopita familia ilikwenda kuyafagia. Walipomaliza, Hezroni hakushika njia ya nyumbani. Aliteremka bondeni akiwa na mfuko wa plastiki mkononi, na Tulinagwe akamfuata nyuma bila kujua wanakwenda wapi. Alisimama chini ya nguzo ya nne, akafungua mfuko. Yalikuwa majivu ya jikoni.

"Baba Aliko," Tulinagwe alisema, "hayo ni ya nini?"

"Ya mtoto."

Tulinagwe aliegemea nguzo. "Nani alikuambia?"

"Hakuna. Niliwaona siku ile, wewe na mama, mmesimama kwenye mgomba. Nilikuwa nafyeka kule juu."

"Miaka yote hii."

"Lile lilikuwa jambo lenu wanawake. Ningelishikaje mimi?"

"Na kanisani? Lazaro alipouliza?"

Hezroni alitazama mfuko wake. "Nilikuwa nakusubiri wewe. Nikasema moyoni, akitaja tu, nasimama naye. Ukasema hakuna. Nikadhani umeamua apumzike pale pale."

"Uliniona na matope."

"Nilikuona."

Tulinagwe hakupiga kelele. Pengine angepiga kelele ingekuwa nafuu kwa wote wawili. Alisema polepole, "Mimi nilidhani hana mtu ila mimi. Kumbe mle kanisani alikuwa na baba na mama, wote wazima, wote wanajua, na tukamwacha."

Hezroni aliinama akamwaga majivu mahali alipokadiria, karibu na alipoegemea mkewe. Lakini kitako cha nguzo ni zege tupu, kimetandazwa pana pande zote. Majivu yalikaa juu juu tu, kisha upepo wa ziwani ukayapeperusha.