Mama Mita na mtoto wa themanini na nne

Saa moja na nusu, Jumamosi asubuhi, mwanamke wa miaka hamsini na miwili amesimama uchochoroni akikagua kamba ya nguo za watu. Begi liko begani, macho yako juu.

"Hapa kuna mtoto mchanga na mwanamume mnene," ananong'ona. "Siyo hapa."

Anasonga mbele. Kwenye nyumba ya tano, kamba imebeba shuka mbili na sketi ya shule. Anaipima sketi kwa macho kama fundi cherehani.

"Miaka minane. Ndiye."

Kazi yake ni kutafuta watoto. Hospitali iliyomwajiri inatafiti saratani ya figo kwa watoto wadogo. Madaktari wanataka kujua kama dawa za miezi michache zinaponya sawa na zile za muda mrefu, ili watoto wapunguziwe mateso. Jibu halipatikani siku mtoto anaporuhusiwa kwenda nyumbani. Linasubiri miaka mitano, na ndani ya miaka mitano watu huhama, simu hupotea, ndoa huvunjika.

Watoto themanini na wanne waliingia katika utafiti huo. Sabini na wawili wamepatikana wakiwa hai. Kumi na mmoja wamefariki. Mmoja hajulikani alipo, na daftari la utafiti linafungwa baada ya siku tisa.

"Asipoonekana wataandika 'amepotea'," anasema, na neno lenyewe analitamka kama anatema mbegu. "Mtoto si kalamu, bwana! Yuko mahali, anakula, anachafua nguo. Ni mimi tu sijamwona."

Kabla ya kazi hii alisoma mita za maji kwa miaka kumi na saba. Ndiko alikolipata jina la Mama Mita.

"Zamani walinikimbia kwa sababu ya bili. Sasa wananikimbia kwa sababu ya hospitali. Mimi na mlango uliofungwa tumeshakuwa ndugu."

Posho yake ya usafiri haifiki katikati ya mwezi. Siku zinazobaki hutembea. Kwa mwaka humaliza jozi tatu za viatu. Mumewe, ambaye ni fundi viatu, humtania: "Ningejua ningekuoa mapema zaidi. Wewe peke yako ni wateja kumi."

Anapiga hodi. Mlango unafunguliwa na mama wa mtoto anayetafutwa. Tabasamu lake la kukaribisha mgeni linakufa palepale.

"Mama Mita! Umenipataje?"

"Wifi yako alinipa mtaa, mdogo wangu. Kamba ikanipa mlango."

"Sema polepole. Yuko uani. Hajui kitu."

Msichana huyo alipasuliwa akiwa na miaka mitatu. Kovu la tumboni aliambiwa ni la bati lililomkata alipoanguka. Baada ya matibabu mama alihama mara tatu, akabadilisha na namba ya simu.

"Nimejitahidi kusahau, dada. Sasa umekuja kunikumbusha. Mkimpima mkaukuta ugonjwa tena, je?"

Mama Mita hamwahidi chochote. Anatoa karatasi ya idhini na kuiweka juu ya meza.

"Ukikataa, naandika kwamba umekataa, na sitakusumbua tena. Ni haki yako. Lakini sikufichi: kama ugonjwa umerudi, heri tuujue wiki hii kuliko mwakani."

Kule uani ndoo inaburutwa, na sauti nyembamba inaimba nyimbo za shuleni. Mama anaivuta karatasi karibu.

"Na kovu je? Nimwambie nini?"

"Hilo ni lenu wawili. Mimi naomba picha ya tumbo na ya kifua, basi."

"Nipe mpaka Jumatatu."

"Jumatatu utajificha."

"Nijifiche wapi tena, na kamba yangu umeshaijua?"

Wanacheka wote wawili, mama huku akipangusa macho.

Jumatatu saa mbili kamili wapo kwenye benchi la hospitali. Msichana anamtazama Mama Mita kuanzia viatu hadi kichwani.

"Mama ameniambia hakukuwa na bati. Wewe ndiye uliyekuwa unanitafuta?"

"Mimi."

"Mbona sikupotea? Nilikuwa nyumbani."

"Nenda kawaambie wenye daftari, maana mimi nilishasema."

Mchana daktari anatoka na picha. Ni safi, tumbo na kifua. Mama anaketi sakafuni palepale alipokuwa amesimama, hadi muuguzi anamletea kiti.

Daftari limefungwa bila neno "amepotea". Matokeo yatakapokuwa tayari yatachapishwa katika jarida la madaktari, lakini hilo halimtoshi Mama Mita.

"Jarida halipigi hodi," anasema. "Miaka yote hii nimekwenda kwao kuchukua. Safari hii nataka kupeleka. Wazazi waelezwe kwa lugha yao watoto wao wametufundisha nini."

Mtafiti mkuu amemkubalia. Posho haijapangwa bado, ila mumewe ameshashona soli za jozi mbili.

Milango ni themanini na minne, na ameamua kuanza na ile kumi na mmoja ya waliofariki. Wa kwanza ni wa nyumba ambayo, mara ya mwisho alipopita, kambani palikuwa na nguo za watu wazima tu.

"Pale mkono wangu utakuwa mzito," anasema akifunga kamba za viatu. "Lakini hodi nitapiga."