Mlima Nilioufuta kwa Kalamu Nyekundu

Nilikwenda Tabora kwa sababu nilitaka kusifiwa. Mtu akiniuliza leo nitamwambia nilikwenda kwa ajili ya wakimbizi, na si uongo, lakini moyoni nilikuwa nimeshajiona niko mbele ya ubao, watu wananipigia makofi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwandishi wa programu katika ofisi moja ya Dar es Salaam yenye kompyuta iliyojaza chumba kizima, na nchi nzima watu wa kazi yangu ungeweza kuwalisha kwa sufuria moja ya wali.

Dar es Salaam, Jumamosi mchana, ndipo mambo yalipoanzia. Tulikuwa sita katika kikundi chetu, na mkuu wa ofisi alituachia mashine kila Jumamosi kuanzia saa nane mpaka saa kumi, tujifunze tupendavyo. Mmoja huleta tatizo, wengine hulichambua ubaoni, tunabishana, tunakunywa chai, halafu tunatoboa kadi na kuilisha mashine. Kadi zenyewe ni za karatasi ngumu, na matundu yake ndiyo herufi na tarakimu. Mwalimu Mathias, aliyefundisha hisabati Tabora, alikuwa haji Dar likizo bila kupita kikundini. Siku moja akatuandikia barua. Wakimbizi wa Burundi walioingia mwaka uliotangulia walikuwa wamewekwa Ulyankulu, na wengine upande wa Mpanda. Ndugu wengi walipoteana njiani. Kila makazi yalikuwa yameandika watu wake kwenye madaftari. Je, mashine haiwezi kusoma orodha zote mbili ikasema nani ni ndugu wa nani? Tena alikuwa anaandaa mkutano wa siku mbili wa watu wa hesabu na mashine, na aliomba mmoja wetu aje aeleze.

"Inaweza," nilisema, hata barua haijamaliza kusomwa. Nakala za madaftari zilipofika nikazipitia mwenyewe. Kila mtu aliandikwa majina yake mawili, umri, jina la baba, jina la mama, na mlima aliotoka. Nikachukua majina na umri tu. Baba na mama niliona ni kurudia kitu kilekile, kwani jina la pili si ndilo la ukoo? Mlima nikaupiga mstari kwa kalamu nyekundu, ukurasa baada ya ukurasa, nikisema mlima si anwani. Wenzangu wakaafiki. Mashine ikatafuta watu wenye jina la pili linalofanana, na Jumamosi ya tatu ikatoa karatasi ndefu yenye familia ishirini na mbili. Usinione hivi, siku ile sikukamatika.

Stesheni, Alhamisi jioni, nilipanda treni ya bara na sanduku la kadi mapajani. Kadi zisingekuwa na kazi Tabora, maana hakukuwa na mashine ya kuzisoma, lakini nilitaka watu wazione. Mama mmoja aliyekuwa akirudi Sikonge alikaa mkabala nami. Alilitazama sanduku lile mpaka Morogoro.

"Binti, umebeba nini humo, mbona huliweki sanduku chini?"

"Kadi, mama."

"Za harusi?"

"Za mashine."

"Haya. Nasi tutaalikwa," akasema, akajifunika kanga akalala.

Dodoma tulifika asubuhi, nikanywa chai ya moto dirishani. Baada ya Manyoni nchi ikawa pori tupu, miombo kushoto na kulia, na reli katikati ikifuata ilikopita misafara ya zamani. Wapagazi wake walitembea miezi na mizigo kichwani. Mimi nililalamikia ubao wa kiti kwa siku moja. Kituo cha Tura treni ilikaa sana. Wanawake walileta karanga, kuku wa kuchemsha na asali kwenye chupa, na yule mama wa Sikonge akanikataza kununua asali ya Tura, akasema nisubiri ya kwao. Nilinunua hivyo hivyo, na ilikuwa tamu.

Tabora niliingia Ijumaa baada ya magharibi. Mwenyeji wangu alikuwa Bi Salma, rafiki wa shangazi yangu, mjane mwenye duka la nguo. Wazee wake walitoka Omani enzi za misafara, wakaoa hapa, wakazikwa hapa. Nilimpa shikamoo, akanijibu marahaba, akanishika mkono hadi kwenye mkeka. Nililetewa wali, nyama na kachumbari, na kila nilipopumzika aliniambia sijala. Nilimsimulia habari za mashine chakula kizima. Alisikiliza, akitikisa kichwa taratibu, wala hakunikatiza hata mara moja. Namshukuru mpaka leo, maana nilikuwa nachosha.

Jumamosi asubuhi mkutano ulianza katika darasa la shule. Tulikuwa kama ishirini na tano: walimu, makarani wa reli, vijana wawili wa takwimu kutoka Mwanza, na padri mmoja aliyependa hesabu. Kwa kuwa mashine haikuwepo, Mwalimu Mathias alitaka sisi wenyewe tuwe mashine. Karani mmoja akawa msoma kadi za Ulyankulu, mwingine msoma kadi za Mpanda, padri akawa kumbukumbu, ameshika chaki. Majina yakifanana padri anaandika; yasipofanana anasema "endelea". Tulicheka sana, na kila mtu alielewa programu ni kitu gani. Sijawahi kuona darasa zuri kama lile, hata katika mikutano mikubwa niliyohudhuria baadaye. Makofi niliyoyafuata niliyapata.

Makofi yalipotulia Mwalimu Mathias aliuliza jambo moja. "Kuna mama Ulyankulu, anaitwa Perpetua Barampama. Kila siku huenda ofisi ya makazi kumuulizia binti yake. Yumo kwenye karatasi yako?"

Nikapitisha kidole. "Hayumo."

"Maana yake nini?"

"Maana yake binti yake hayuko Mpanda," nilisema. Nilisema mbele ya watu wote, bila kusita, na watu wakaandika.

Ulyankulu tulifika Jumatatu saa tano asubuhi, Mwalimu Mathias, mimi na makarani wawili wa reli, kwa Landrova ya kuazima. Njia ilikuwa vumbi na mizinga ya nyuki imening'inia mitini. Lori lilikuwa limeshapangwa: Jumatano lingewapeleka Mpanda wale ambao karatasi yangu imewapatia ndugu, na wangehamia huko moja kwa moja. Watu walikusanyika kwenye banda la shule la nyasi. Nikafungua karatasi, nikasoma familia ya kwanza: mzee Niyonzima wa hapa, na vijana wawili Niyonzima walioko Mpanda.

Mzee akasimama, akauliza kupitia mkalimani. "Baba yao ni nani?"

"Si wewe, mzee wangu?"

Watu wakacheka kidogo, kwa adabu. Mzee akasema hana mtoto wa jina hilo, wala hajawahi kuwa naye, akaketi. Nikasoma familia ya pili, ikawa vilevile. Ya tatu vilevile. Kufika ya tano nikaacha kusoma, na Mwalimu Mathias alikuwa anaangalia viatu vyake.

Hapo akasimama mwanamke mrefu aliyejifunga kitenge. Alijua Kiswahili kwa sababu aliwahi kuuza samaki sokoni Bujumbura. Ndiye alikuwa Mama Perpetua.

"Mwanangu, nani amekuambia ndugu huitwa jina moja?"

"Kwetu ndivyo tunavyowatambua, mama."

"Kwetu kila mtoto hupewa jina lake peke yake. Mimi ni Barampama. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa Bucumi. Binti yetu Konsolata ni Nahimana, kwa sababu tulikuwa tumezika wawili kabla yake, tukasema huyu ni wa Mungu. Ukimtafuta Barampama mwenzangu utampata, lakini atakuwa wa watu wengine."

"Sasa nyinyi mkipoteana mnatafutana kwa kitu gani?"

"Kwa mlima. Kwetu mlima ndio kijiji. Mtu akiniuliza mimi ni nani, namtajia mlima wangu, halafu baba, halafu mama. Tuliwaambia wale walioandika madaftari, nao waliandika."

Waliandika, naam. Na mimi nilifuta. Nilisikia aibu ikinipanda toka miguuni, nikatamani niwe mtu aliyebaki Dar akitoboa kadi za mwingine. Lakini pa kukimbilia hapakuwepo, na yule mama alikuwa amesimama mbele yangu. Nikamwambia kweli yote: kwamba mlima nimeufuta kwa mkono wangu, na kwamba juzi Tabora nimesema mbele ya watu kuwa mwanawe hayuko Mpanda.

Akaniuliza, "Ulifika Mpanda ukamkosa?"

"Sikufika."

"Basi hujui bado," akasema. "Njoo ule kwanza."

Nilikula kwake maharage na viazi vitamu, ingawa sikuwa nastahili hata maji. Mwalimu Mathias alikwenda ofisini akalisimamisha lori. Nashukuru alifanya hivyo bila kunisema. Mchana kutwa tukakaa bandani na daftari la Ulyankulu, watu wakapanga mstari, kila mmoja akahakikisha mlima wake, baba yake na mama yake, nasi tukaandika kwa wino. Makarani wale wa reli hawakuwa wametumwa na mtu. Walikaa mpaka vidole vikawa vyeusi.

Tabora, Jumanne mchana, nikingojea treni ya kurudi, nilimsimulia Bi Salma aibu yangu. Alikuwa anapima kitambaa dukani.

"Wapagazi nao walikuwa hivyo," akasema. "Babu alitusimulia. Mtu anatoka hapa na jina moja, akifika pwani ana jina jingine. Kwa hiyo babu kwenye daftari lake aliandika mtemi wa mtu na kijiji chake. Jina aliliacha mwisho."

"Mbona hukuniambia Ijumaa, Bi Salma?"

"Hukuuliza, mwanangu. Ulikuwa unaeleza."

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na mimi niliyesoma kuliko wote nyumbani kwetu nilikuwa nimeikwepa shule hiyo ya bure. Bi Salma alinifungia mkate wa kumimina kwenye gazeti, akanisindikiza hadi stesheni ingawa alikuwa na mguu mbovu.

Dar es Salaam, Jumamosi saa nane, niliwaeleza wenzangu bila kujitetea. Nilitarajia kuzomewa. Walichofanya ni kugawana kadi za kutoboa upya, za Ulyankulu kwa wino wetu, za Mpanda kwa nakala, milima ikisomeka chini ya mstari mwekundu. Mkuu wetu aliposikia akatuongezea na Jumapili, akavua koti akakaa nasi. Safari hii mashine ililinganisha mlima, baba na mama, na karatasi ilipoanza kutoka sikuigusa, nikamwachia mwenzangu asome. Alisoma kwa muda, kisha akasimama kwenye mstari mmoja: Nahimana Konsolata, miaka kumi na tisa, makazi ya Mpanda, mlima Rusengo, baba Bucumi, mama Barampama. Nilikaa chini sakafuni nikalia, na hakuna aliyenitania.

Barua niliyomwandikia Mwalimu Mathias haikuwa na majigambo. Niliandika: "Huenda ni ndugu. Tafadhali waulizwe wenyewe kabla ya lori." Maneno hayo tuliyaweka juu ya kila karatasi iliyotoka kikundini kwetu tangu siku ile, na vijana waliotufuata niliwafundisha hilo kabla ya kuwafundisha kutoboa kadi.

Miezi miwili ikapita, ndipo jibu likaja kutoka Tabora. Mwalimu Mathias aliandika kuwa wengi kwenye karatasi walitambuana, wachache hawakutambuana, na kwamba Konsolata ameletwa Ulyankulu akiwa na mtoto mchanga mgongoni. Chini yake alikuwa ameandika maneno ya Mama Perpetua kama alivyoyasema: "Mwambieni yule binti wa mashine kwamba mjukuu wangu amezaliwa njiani, kati ya Mpanda na hapa. Tumemwita Irakoze, maana yake tunamshukuru Mungu. Naye aandikwe. Lakini mlima sijui mtaweka upi."

Jumamosi ile hatukufanya kazi nyingine. Mmoja akasema tuweke mlima wa mama yake, mwingine akasema pale alipozaliwa, wa tatu akataka tuache wazi, maana mashine husoma nafasi tupu bila taabu. Nilikuwa na jibu langu, zuri kabisa, na nilikuwa nimeshanyoosha mkono kuchukua kadi. Nikaurudisha. Nikaandika barua Tabora ili aulizwe Mama Perpetua mwenyewe.

Jibu lake lilikuwa fupi. "Andika Ulyankulu."

Ulyankulu nimefika, ni nchi ya tambarare, haina mlima hata wa kupandia mbuzi. Nikaitoboa kadi kama alivyosema.