Bibi wa Pichani na Posa ya Rukia

Siku ninayoikumbuka kuliko hata ya harusi yangu, mwanangu, ni ile niliyopiga kigelegele kisichokuwa changu. Walikuja wazee kutoka Lamu kumposa mdogo wangu Rukia kwa ajili ya kijana wao, na Baba akanituma chumbani nimwulize kama yu radhi. Dada mkubwa ndiye mwenye kazi hiyo. Unajua kwetu mwari akinyamaza huhesabiwa amekubali, maana haya humziba mdomo. Nami nilikuwa na haraka, sambusa zangu ziko motoni. Nilimwuliza nikiwa nimesimama mlangoni, shangazi watatu wamemzunguka. Akainamisha kichwa, akaishika leso yake, kimya. Nikapiga kigelegele, na barazani wakasoma Fatiha.

Wakati huo nilikuwa nikifanya kazi za nyumba kwa Bi Harriet, mjane wa Kiingereza aliyeishi peke yake hapa Malindi, karibu na ufuo. Sebuleni mwake ilitundikwa picha ya rangi ya mwanamke kijana aliyevaa gauni la hariri la samawati, iliyochorwa kwao Uingereza katika karne ya kumi na nane. Kila asubuhi niliifuta vumbi, na kila asubuhi nilimsonya yule bibi. Kidevu juu, tabasamu la kujua kwamba yeye ni mzuri! Nilimpachika jina, Bi Maringo. Ujana una ulimi, mwanangu, na wangu ulikuwa mrefu.

Jumatatu baada ya posa, Bi Harriet akanisikia nikisonya. Hakukasirika, alivuta kiti akaketi.

"Unamwonea bure," alinambia kwa Kiswahili chake cha polepole. "Huyu ni bibi yao bibi zangu. Baba yake alitaka picha ya kumpelekea mchumba ambaye binti hajamwona hata mara moja. Mchoraji aliambiwa achore tabasamu, akachora. Sasa mtazame mkono."

Nikautazama. Miaka miwili niliufuta vumbi mkono ule bila kuuona. Vidole vilikuwa vimelifumbata gauni kwa nguvu mpaka vifundo vimekuwa vyeupe.

"Kwani hakuulizwa?" nikasema.

"Tunayo barua yake moja. Anasema alisimamishwa, akaambiwa asitikisike, na hakuna aliyemwambia neno jingine."

Nilimwonea huruma mwanamke aliyekufa zamani hizo, na ndugu yangu wa tumbo moja sikumhurumia. Niliomba ruhusa nikaenda nyumbani mbio, aproni kiunoni, watu wa sokoni wakanishangaa. Nikampeleka Rukia uani, nikaketi naye chini.

"Rukia, unamtaka yule kijana?"

Nikauma ulimi wangu nisimsaidie kujibu.

"Ulishapiga kigelegele, dada. Ningesema nini?" Kisha machozi yakamtoka. "Hana kosa. Mimi simtaki tu."

Nikaenda kwa Baba. Niliogopa, sikufichi. "Baba, nisamehe. Rukia hakujibu siku ile. Nilijibu mimi."

"Umeniaibisha mbele ya wazee wenzangu," alisema. Akavaa kofia yake, akaenda mwenyewe kuwaomba radhi na kuivunja posa. Shangazi zangu hawakunisemesha mpaka Ramadhani iliyofuata, na walikuwa na haki yao. Lakini Rukia alilala usingizi.

Leo picha zenu huwafikia wachumba hata Muskati, Uarabuni, kwa simu kabla hamjavua nguo za sherehe, nanyi mnatabasamu vizuri kuliko yule bibi. Siwalaumu, wala mila yetu siilaumu. Kuna kimya cha haya na kuna kimya cha hofu, na waliotuwekea mila walitaka tuvitofautishe. Basi ukitumwa kumwuliza mwenzio, watoe watu chumbani. Keti naye. Mwambie akikataa, ni wewe utakayelibeba jibu lake hadi kwa wazee. Kisha ngoja, hata wakikugongea mlango. Ukiwa huna hakika, rudi barazani useme, "Bado hajajibu." Watakununia, waache wanune.

Mungu akujaalie subira ya kusikiliza, mwanangu, na siku ya kuulizwa wewe, akupe mtu wa kukungoja.