Ankara Sita Zisizolipwa

Barua ya kodi ilimkuta Mama Delphine Chomba uani kwake Kamalondo, amelowa hadi viwikoni, mwezi wa nane mwaka 1983. Mashine ya kufulia ilikuwa inanguruma, naye anaikandamiza kifuniko kwa mkono maana ilikuwa na tabia ya kurukaruka. Edith, mwanamke aliyempigia pasi kwa miaka tisa, ndiye aliyekuwa na mikono mikavu. Akaifungua barua, akaisoma kimoyomoyo, kisha akaiweka pembeni pasi ya makala, yaani ya makaa.

"Banasema nini?" Mama Delphine akauliza.

"Banataka kodi ya mauzo, mama. Ya miezi sita. Na amende juu yake, faini ya kuchelewa."

Mama Delphine akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Tangu mwezi wa pili alikuwa anaifulia kampuni moja ya uchukuzi, yenye malori ya kubeba mizigo ya migodini. Zilikuja salopeti za makanika zilizoshiba grisi, yakaja na mashuka ya nyumba ya wageni. Kila mwisho wa mwezi aliandika ankara kwa mkono wake: bei ya kazi, chini yake kodi, chini kabisa jumla. Kampuni ikaipokea, ikaigonga muhuri, ikaiweka. Ankara sita zilikwenda hivyo, na hata sarafu moja ya likuta haikurudi. Sabuni alinunua yeye. Makala alinunua yeye. Edith alilipwa nusunusu, na kwa kuwa alikuwa na moyo mwema, alinyamaza.

Kesho yake akavaa viatu vyake vya kanisani akaenda kampunini. Mhasibu, jina lake Mulenga, alimpa kiti kwa heshima zote.

"Mama, facture zako, ankara zote sita, ziko hapa, hakuna kosa. Ila franga haiko. Bakubwa bananiambia paka kungoja, kungoja tu."

"Basi unirudishie zile facture, mwanangu. Siku mutapata franga, nitaandika zingine. Zikiwa hapa, leta inanidai kodi ya kitu sijakamata."

Leta ndiyo serikali, ndivyo walivyoiita. Mulenga akatikisa kichwa.

"Bila facture dosie yako inakufa, mama. Hakuna mukubwa atatia signature kwa karatasi haiko."

Mama Delphine akatoka hapo, akaenda ofisi ya kodi kwa miguu. Siku ya kwanza alikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi walipofunga. Siku ya pili, saa sita jua likiwa utosini, akaitwa na afisa mmoja mwembamba, Numbi, mwenye miwani iliyofungwa waya sikioni.

"Citoyenne Chomba," akasema, maana miaka ile ofisini kila mtu aliitwa mwananchi na majina ya ubatizo hayakutajwa, "keti."

Mama Delphine akaeleza yote tangu mwanzo. Numbi akasikiliza hadi mwisho, jambo ambalo mama hakulitegemea.

"Mama, sikiliza," Numbi akasema, sasa kwa sauti ya nyumbani. "Yule anauzisha sabuni, kodi yake inaanza siku sabuni inatoka kwa duka. Lakini wewe unauzisha kazi ya mikono. Kwa kazi ya mikono, kodi inangoja mpaka mwenye kufuliwa alipe. Facture peke yake haitoshi."

Pumzi ikamtoka Mama Delphine. "Kumbe! Basi miye sina na deni."

"Ngoja kwanza."

Numbi akafungua jalada la kijani lililochakaa, akatoa karatasi moja, akaigeuza ili naye aisome. Ilikuwa barua ya mwaka 1974. Bwana Kabwe, mwenye kazi ya kufua nguo, anaomba kulipa kodi kwa kufuata ankara, mwezi ambao imeandikwa, bila kungoja malipo. Ofisi ilikubali. Chini palikuwa na sahihi, na ile K yenye mkia mrefu unaopita chini ya jina lote.

Mumewe, Adalbert Kabwe, alikuwa amefariki miaka mitatu iliyotangulia. Mama Delphine hakuwa ameuona mwandiko wake tangu walipomzika. Akaitazama ile K mpaka Numbi akakohoa.

"Juu ya nini alifanya hivi?" akauliza polepole.

"Wakati ule kampuni zilikuwa zinalipa kwa siku kumi, mama. Bengi baliomba vile. Mutu anaandika mara moja, analipa mara moja, hesabu yake inakuwa mwepesi. Alikuwa na akili, bwana yako. Ni wakati njo uligeuka."

"Na mimi je? Naweza kuifuta?"

"Unaweza. Andika barua leo, nitaipokea. Kuanzia mwezi unakuja utalipa ukishalipwa. Ila zile sita ziliandikwa chini ya barua ya bwana yako, maana dosie ya kazi ni ileile yake. Zile siwezi kuzigusa. Amende nitajaribu kuitosha, ifutwe."

Akaiandika barua palepale, kwa kalamu ya Numbi. Hakumkasirikia Adalbert. Alitaka tu kulala.

Ndugu yake wa kijijini Lukafu angeweza kumpa mahindi, lakini ofisi ya kodi haipokei mahindi. Basi akauza kitu pekee kilichokuwa na bei: mashine. Mfanyabiashara wa Kampemba alikuja na toroli, akaibeba mchana kweupe majirani wakitazama. Kodi ikalipwa yote. Numbi alitimiza ahadi, amende ikafutwa. Mama Delphine na Edith wakarudi kwenye beseni na ubao wa kusugulia. Salopeti ikilowa grisi huwa nzito kama maiti, na viungo vya mwanamke wa miaka hamsini na mbili havidanganyiki.

Mwezi wa tisa zaire, ndiyo fedha ya nchi, ikaanguka. Watu waliamka wakakuta fedha yao imebaki robo tu ya thamani yake. Mwezi wa kumi, kampuni ikalipa ankara zote sita kwa mkupuo mmoja, Mulenga mwenyewe akaleta bahasha huku anatabasamu.

"Umeona, mama? Nilikuambia paka kungoja."

Jumla ilikuwa ileile aliyoiandika. Hakuna aliyemdhulumu kwenye karatasi. Akaenda Kampemba kuulizia mashine yake. Bei aliyotajiwa ilikuwa mara tano ya aliyouzia. Akarudi na maboksi mawili ya sabuni, gunia la makala, na malimbikizo ya Edith.

Edith akazipokea zile noti, akazikunja, akazifunga kwenye pembe ya kitenge.

"Leta ililipwa yote mbele ya franga kuanguka, mama," akasema, "sisi tulilipa."

Jumatatu lori la kampuni likasimama mlangoni na marundo mapya ya mashuka. Mama Delphine akamwambia dereva asishushe kwanza. Akamtuma kwa Mulenga: nusu ya bei mkononi kabla ya nguo kuguswa. Dereva akaondoka na mashuka yake. Siku nne uani pakawa pakavu, na wanawake wale wawili wakala bukari, ugali wao wa kila siku, kwa mboga ya lengalenga.

Siku ya tano lori likarudi. Dereva alikuwa na theluthi, si nusu.

Mama Delphine akaitazama ile theluthi, akaitazama mikono yake, akasema, "Haya, shusha."