Moto wa Koko Kwenye Theluji

Juzi asubuhi, umande ulipoganda kwenye nyasi za ua wetu hapa Rosettenville, nilikuwa nikivuta hita kutoka nyuma ya kabati nikakutana na karatasi iliyokunjwa mara nne. Nikaikunjua. Ni picha niliyochora mwaka 2016, nikiwa na miaka tisa, na lazima nikueleze, rafiki yangu, kwa nini katikati ya theluji kuna mafiga matatu na moto unawaka.

Mwalimu alitugawia wanyama wa nchi za baridi kali tukawachore nyumbani. Wenzangu walipata bundi mweupe na mbweha mweupe, wanyama wa kujivunia. Mimi nikapewa lemingi, panya mnene asiye na mkia wa maana, anayepitisha majira ya baridi chini ya theluji. Nilinuna mpaka nyumbani.

Koko, mama yake mama, alikuwa jikoni akisonga bugali, harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, imejaa nyumba nzima. Akaitazama picha ya kitabuni, akacheka mpaka machozi. "Lakini huyu ni simbiliki!" Kwao Bukavu simbiliki hufugwa jikoni, kundi zima, wakila maganda ya ndizi na kulia wii-wii kando ya mafiga. Akaosha mikono, akachukua penseli zangu, na mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akishika kalamu akamchorea mnyama wangu moto mwekundu. "Baridi namna hii, bila moto atakufa." Niliupenda moto ule, sikufichi.

Kesho yake mwalimu akauliza nani aliwasha moto kwenye theluji. Darasa zima likaangua kicheko. Nikasema ni mdogo wangu aliyeniharibia. Nikapewa karatasi nyingine, nikachora lemingi peke yake kwenye weupe, na huyo ndiye aliyebandikwa ukutani.

Siku ya wazazi mama alikuwa saluni akisuka, kwa hiyo alikuja Koko, na kitenge chake cha kanisani. Akawapita wanyama wote hadi akamfikia wangu, akasimama pale muda mrefu. "Mutoto yangu, na moto yake iko wapi?" Nikainama kufunga kamba za viatu. Hakuuliza tena. Jioni aliitoa picha ya kwanza ndani ya begi langu, akainyoosha kwa kiganja, akaenda nayo chumbani kwake.

Koko alirudi Bukavu, akaniachia kabati lake, na huko Bukavu ndiko alikozikwa. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Basi mjukuu mwenyewe ndiye mimi. Siku hizi najua theluji huwafunika lemingi kama blanketi, hawahitaji moto wa mtu. Bado naona haya.

Picha nimeibandika juu ya hita. Jana mdogo wangu, yule yule niliyemsingizia, alisimama mbele yake akaniuliza nani aliwasha moto kwenye theluji.

"Koko," nikamwambia.